Upepo wa Kisiwa cha Eigg

Katika bahari ya magharibi ya Scotland kipo kisiwa kidogo kiitwacho Eigg. Wageni huvuka kwa meli kutoka Mallaig, nao hawaruhusiwi kuleta motokaa. Hivyo jamaa nzima, wakubwa kwa watoto, hutembea kwa miguu. Wengi hupanda An Sgùrr, jabali jeusi lililotokana na volkeno ya kale, lenye kimo cha mita 393. Kutoka kileleni huonekana visiwa vya Rum na Muck. Lakini siku ya upepo mkali mtoto aweza kuyumbishwa ukingoni, na mzazi mwenye busara hurudi nyuma bila kuona haya, maana mlima hauhami.

Hata hivyo, upepo huo huo ni mtumishi wa wenyeji. Chini ya jabali vipo vinu vya upepo, na tangu mwaka 2008 nyumba za kisiwa hupata umeme wa upepo, maji na jua. Mitambo hiyo ni mali yao wenyewe. Zamani walikuwa wapangaji wa mabwana. Mwaka 1997 walichanga fedha, wakasaidiwa na wengi, wakakinunua kisiwa. Ndipo walipoweza kuutumia upepo uliokuwa ukiwapita bure.