Birika la Shangazi

Novemba 2005 nilikuwa Ngazija kumzuru shangazi yangu, mzaliwa wa Unguja aliyeolewa huko. Usiku mmoja mlima Karthala ukaripuka, na kulipokucha migomba, mabati na mbuzi vyote vilikuwa na rangi moja ya kijivu. Ilikuwa mara ya pili mwaka ule; Aprili pia jivu lilikuwa limeshuka.

Katika mashairi yetu majivu huwa ndio mwisho wa moto. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu hubaki nyuma kuyafagia.

Nami nilijifanya hodari. Nikateka ndoo mbili birikani, nikaegemeza ngazi, nikaanza kuliosha paa. Shangazi akatoka mbio, kanga imemziba pua na mdomo.

"Mwanangu, mlizamu umeuondoa?"

Sikuuondoa. Ngazija haina mito. Mvua hunywewa na mawe ya mlima, na vijiji vingi huishi kwa maji ya paa yaliyohifadhiwa birikani. Maji niliyoyamwaga yalikuwa yamerudi yalikotoka, na jivu pamoja nayo.

Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Aliniteremsha, akaugeuza mlizamu, akafunika mdomo wa birika, akawafungia watoto ndani, kisha akanifunga kitambaa usoni. Jivu la mlima, alisema, si jivu la kuni. Ni jiwe na kioo vilivyosagika: hukwaruza macho, huingia kifuani, wala haliyeyuki. Likirowa sana huwa zito hata paa huweza kuanguka, na likikauka huganda. Basi tulilinyunyizia maji kidogo tu, ya kulaza vumbi, tukalikokota kwa ufagio taratibu, tukalitia magunia. Mtaroni hakutaka litupwe hata konzi moja, kwani lingeuziba.

Birika lilikuwa habari nyingine. Maji yake hatukuyanywa tena. Ilikuwa akiba yake ya kiangazi, aliyoipima kwa kikombe, nasi tuliiteka yote tukaimwaga, tukakomba tope la chini kwa kifuu, huku madebe yetu yakipangwa barabarani kungoja maji ya msaada.

Mvua ilipokuja nilikimbilia mlizamu niurudishe. Akanishika mkono. Tukasimama barazani tukiyatazama maji yakimwagika chini bure, naye kila mara akiyakinga kwa kiganja, akiyatazama, akiyaacha.