Runzewe, rangi ya binti bado inahesabiwa kwa ng'ombe

Basi kutoka Kahama lilinishusha Runzewe saa nne asubuhi, katikati ya malori yanayokwenda Rwanda na Burundi. Nilifika wilaya hii ya Bukombe, mkoani Geita, kuandika habari za kliniki ya wajawazito.

Bibi wa Kisukuma aliyenikaribisha kwake alinisimulia chagulaga. Enzi zake vijana walimfuata binti njiani, wakamzunguka, kila mmoja akijisifu, mpaka achague mmoja. Asiyechagua hakupewa njia. Bibi alicheka sana. Mjukuu wake wa kidato cha pili hakucheka.

Tukafika kwenye mahari. "Mayu, mimi nilitolewa ng'ombe kumi na wawili. Mdogo wangu alikuwa mweupe, akatolewa ishirini." Huku weupe una bei yake, na wazazi wanaijua. Binti akichelewa kuposwa, wapo wanaompeleka kwa mganga kuogeshwa dawa ya mvuto, wenyewe wanaiita samba.

Hayo niliyasikia kama mgeni. Kilichonishtua kilikuwa bafuni: kopo la krimu ya kung'arisha ngozi, halina lebo, limejazwa dukani kwa kijiko. Mama wa yule binti ndiye aliyelinunua.

"Dada, ina madhara?" aliniuliza jioni, kwa sauti ya chini, bibi akiwa jikoni.

Nilimwambia ninachokijua. Baadhi ya krimu na sabuni za namna hii zimekutwa na zebaki, ileile wanayokamatia dhahabu wachimbaji wadogo wa Geita. Inapenya kwenye ngozi na kuharibu figo. Kwa mjamzito inamfikia mtoto tumboni. Kopo lisiloandikwa kilichomo huwezi kulijua kwa kulinusa. Aache kumpaka leo hii, ampeleke kituo cha afya, amwonyeshe mganga kopo lenyewe na aombe binti apimwe mkojo. Akiona uso au miguu imevimba, asingoje. (Mganga wa kituoni, nilisisitiza, tukacheka kidogo.)

Alilifunga kopo kwenye mfuko. Kisha akasema shida haiko kwake. Mumewe ameshasikia kuna wachumba wanaulizia, na huwa anamtania binti kwamba akizidi kung'aa zizi litajaa.

"Mwambie wewe, mwandishi. Mimi hanisikii."

Mzee alikuwa machimboni, anarudi Jumamosi. Nikaahirisha safari.