Daftari la Michango

Mwaka 1991 baba alinituma dukani nikanunue daftari la kurasa 96. Nilidhani ni langu la shule. Niliporudi alinipa kalamu akaniambia niandike juu kabisa, kwa herufi kubwa: MCHANGO WA HOSPITALI. Hati yangu ndiyo iliyosomeka vizuri pale nyumbani, na ndugu yangu mdogo alikuwa na siku ya tisa wodini kwa nimonia.

Daktari alikuwa amemruhusu kwenda nyumbani siku ya sita. Aliyemzuia ni karani wa dirisha la malipo. Mtoto amepona, bili haijalipwa, basi abaki. Na kila siku aliyobaki ilihesabiwa kwenye bili ileile. Mama alilala naye kitanda kimoja, na bawabu wa getini alikuwa ameagizwa asiwaache watoke. Jumapili watu walifika kwetu, nje kidogo ya mji wa Kitui, nikaketi chini ya mwembe na daftari langu. Shilingi 20. Shilingi 50. Kuku mmoja. Nusu debe la ndengu. Bibi mmoja alitoa shilingi 5 akasimama kando yangu hadi alipoona jina lake limeandikwa. Hazikutosha. Baba aliuza maksai mmoja kati ya wawili waliovuta plau yetu, na mvua ilipokuja tulilima kwa maksai wa kuazima, baada ya majirani wote kumaliza. Mavuno ya mwaka ule yalikuwa haba, na hiyo nayo ilikuwa bili ya hospitali, ingawa hakuna karani aliyeiandika.

Wazee walikuwa wakikumbuka enzi tofauti. Serikali ya Mzee Kenyatta iliondoa ada ya matibabu kwa wagonjwa wasiolazwa mwaka 1965. Mwezi Desemba 1989, wakati Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa zilipokuwa zikiibana serikali ya Moi ipunguze matumizi, ada zilirudi kwa jina la kuchangia gharama. Baadhi ya ada zilisitishwa mwaka uliofuata, kisha zikarudishwa hatua kwa hatua. Sisi kwetu tulijua jambo moja: daftari lilikuwa likijaa. Majina yaliyotoa ukurasa wa 3 yalipokea ukurasa wa 10.

Mwaka 1992 ndipo jina la Charity Ngilu lilipoingia nyumbani kwetu, nalo liliingia kupitia mama. Wanawake wa Kitui walimfuata kwake, wakamkuta jikoni akiosha vyombo, wakamwambia agombee ubunge. Hakuwa mwanasiasa. Aliwahi kuwa karani na mfanyabiashara, na wanawake walimfahamu kupitia vikundi vyao na shida ya maji. Alishinda kiti cha Kitui ya Kati. Mama alirudi kutoka kituo cha kura akaketi bila kuvua viatu, akasema, "Leo tumemtuma mtu anayejua uzito wa mtungi."

Mwaka 1997 aligombea urais. Yeye na Wangari Maathai walikuwa wanawake wa kwanza nchini kufanya hivyo. Kila ukuta wa soko la Kitui uliandikwa Masaa ya Ngilu. Nilikuwa na miaka 18, nikapiga kura yangu ya kwanza. Alimaliza wa tano.

Saa yake ilifika Januari 2003, Rais Kibaki alipomteua kuwa Waziri wa Afya. Mimi nilikuwa nimeajiriwa kuwa mwalimu. Kila mwezi mshahara wangu ulikatwa pesa za NHIF, bima ya hospitali iliyoanzishwa mwaka 1966, na kiwango cha juu kabisa kilikuwa shilingi 320. Nilikuwa na kadi. Mama, aliyenisomesha kwa ndengu na vikapu, hakuwa nayo. Mtu asiye na ajira aliruhusiwa kujiunga kwa hiari, lakini kijijini kwetu hata mmoja hakuwa amejiunga, na bima yenyewe ililipia waliolazwa tu. Nikiugua mimi, kuna mfuko. Akiugua yeye, kuna daftari.

Julai 2004 wizara ya Ngilu ilitangaza kwamba mgonjwa atalipa shilingi 10 tu katika zahanati na shilingi 20 katika kituo cha afya. Mama alitoa noti ya 50 kwenye zahanati, akarudishiwa 40, akarudi dirishani kuwauliza kama hawajakosea hesabu.

Kisha Ngilu akaleta mswada: bima moja ya afya kwa kila Mkenya, mwenye mshahara achangie kwa kadiri ya mshahara wake, na asiye na kitu kabisa alipiwe na serikali. Bunge liliupitisha Desemba 2004. Nakumbuka nilivyoisikia habari ile redioni nikaenda kumwamsha mama. Lakini Rais hakuutia saini, aliurudisha. Hazina ya Kitaifa ilisema pesa hazipo. Waajiri na kampuni za bima za kibinafsi walikuwa wameupinga tangu mwanzo. Sitasema hoja zao zote zilikuwa za ubinafsi. Mswada ulikwenda mbio, na swali la nani atawalipia mamilioni ya wasio na kipato lilistahili jibu lililo wazi zaidi. Hata hivyo, mswada wenye kasoro hurekebishwa. Ule uliachwa kabatini, na Oktoba 2007 mwenye mswada akafutwa kazi baada ya kumuunga mkono Raila Odinga, mpinzani wa Rais.

Katiba ya 2010 iliandika katika kifungu cha 43 kwamba afya ni haki ya kila mtu. Juni 2013 kina mama walianza kujifungua bure katika hospitali za umma. Zilikuwa hatua njema, nami nilizishangilia, lakini ndugu wa mgonjwa wa figo bado walikuja kwangu kuuliza kama daftari lina kurasa zilizobaki. Nilikuwa nimefika daftari la tatu.

Ngilu alirudi kwetu akiwa gavana mwaka 2017. Kilichomshinda kitaifa alikijaribu kwa kaunti moja: familia ilipe shilingi 1,000 kwa mwaka, itibiwe katika hospitali za kaunti. Mama alikuwa na presha wakati huo. Aliiweka kadi yake katika kopo la majani ya chai, pamoja na kitambulisho, na kila alipokwenda kliniki aliitoa yeye mwenyewe, hakutaka nimbebee. Alilazwa mara mbili. Mara zote mbili alitoka siku ileile aliyosema daktari atoke. Nilisimama getini kumpokea, nikamkumbuka yule bawabu wa 1991.

Ugavana wake ulikwisha 2022. Oktoba 2023 Rais Ruto alitia saini Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii, NHIF ikavunjwa, na baada ya mabishano mahakamani mfumo mpya wa SHA ulianza tarehe 1 Oktoba 2024. Kila Mkenya anatakiwa kujiandikisha, na mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake. Mtu akiusoma mswada wa 2004 ataona ni wazo lilelile, limechelewa miaka 19. Sina furaha ya kusema tuliwaambia. Najua ni akina nani waliozikwa katikati ya miaka hiyo, kwa sababu majina yao ninayo.

Kasoro moja naiona wazi. Mwenye mshahara analipa kwa mwezi bila kuhisi, lakini mfumo ulipoanza mwaka 2024 asiyeajiriwa alitakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo: kwa kiwango cha chini cha shilingi 300 kwa mwezi, ni 3,600 mara moja. Muuza mboga wa Kitui hupata pesa zake kwa siku, na hakuna siku moja inayompa 3,600. Asipozipata, hana bima. Akiugua, tunarudi chini ya mwembe.

Waheshimiwa wabunge mtakaoigusa sheria hii tena, mruhusuni huyo mama alipe kidogo kidogo kama anavyopata, na atibiwe tangu siku anayoanza kulipa.