Fahali Wawili Katika Zizi Moja

Methali yasema kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Sisi walimu tumeiandika ubaoni mara nyingi, lakini maana yake hatukuipata barabara mpaka siku tulipoifungua kompyuta ya shule yetu na kutia ndani yake kadi mbili za picha, kila moja ya nyumba yake.

Shule yetu i mlimani juu ya Moshi, katikati ya migomba na mibuni. Kompyuta yenye nguvu tunayo moja tu, nayo ilikuwa na kadi ya NVIDIA. Labda wengine watauliza, kadi ya picha ni kitu gani? Ni kibao kikaacho ndani ya kompyuta, na kazi yake ni kupiga hesabu za kila nukta ya rangi ionekanayo kwenye kioo. Picha ikiwa ngumu, hesabu huwa nyingi, na kadi dhaifu huchelewa.

Basi wanafunzi wetu walikuwa wakiuchora Mlima Kilimanjaro kwa programu iitwayo Blender, tangu mashamba ya chini hata kilele cha Kibo, mita 5,895, wapate kuuonyesha darasani kama sinema. Sinema ya dakika moja iliikesha kompyuta saa 11, na muda huo wote hakuna mwalimu aliyeweza kuandika hata barua, maana kioo kiliganda. Ndipo tulipowaza: tukiongeza kadi ya pili, kazi itagawanyika nusu kwa nusu. Tukasimama mbele ya wazazi tukawaahidi hivyo hivyo, kwamba saa 11 zitakuwa 5 na nusu. Nao wakachanga shilingi 190,000, wengine kwa fedha za ndizi walizochukua kichwani mpaka sokoni. Tukashuka mjini, tukanunua kadi ya AMD iliyokwisha kutumika, kwa kuwa ndiyo tuliyoiweza bei.

Siku ya kwanza kompyuta haikuwaka kabisa. Fundi akatuonyesha ya kuwa pawasaplai haikuwa na umeme wa kulisha kadi mbili, nasi tukanunua nyingine kwa fedha za mifukoni mwetu. Siku ya pili ikawaka. Kila kadi ikataka draiva yake, yaani programu ya kuiendesha, nasi tukazitia zote mbili. Jioni tukaanzisha kazi, tukaenda kulala kwa furaha. Asubuhi tukahesabu: saa 11. Hata robo saa haikupungua.

Tulipotafuta sababu tuliona haya, maana jambo hili lilikuwa wazi tangu zamani. NVIDIA ilianzishwa Marekani mwaka 1993. Kadi za AMD asili yake ni kampuni ya ATI ya Kanada, iliyoanza mwaka 1985 na kununuliwa na AMD mwaka 2006. Kila nyumba ina lugha yake. NVIDIA ilipotoa njia yake ya kuunganisha kadi mbili mwaka 2004, na ATI ya kwake mwaka 2005, kila moja ilikubali kadi za ukoo wake tu. Mwaka 2010 kampuni ya Lucid ya Israel ilileta sokoni kifaa kiitwacho Hydra, cha kuwapatanisha mahasimu hawa, lakini matokeo yake hayakuwa sawasawa, nacho kikatoweka. Mwaka 2015 Microsoft ikatoa DirectX 12, iliyowapa waandishi wa programu nafasi ya kuzigawia kazi kadi za nyumba mbalimbali. Na mwaka 2016 mchezo uitwao Ashes of the Singularity uliziendesha kweli pamoja. Kwa hiyo si jambo lisilowezekana. Lakini lazima mwenye kuandika programu azigawie kazi yeye mwenyewe, na wachache wamekubali taabu hiyo. Blender yetu hutaka uchague njia moja, ama ya NVIDIA ama ya AMD. Ile kadi ya wazazi ilikaa bure usiku kucha.

Tufanyeje sasa? Mmoja wetu alisema tunyamaze, kwani hakuna mzazi atakayekesha na saa mkononi. Twakiri kwamba neno hilo lilitupendeza kwa siku mbili. Siku ya tatu tuliita mkutano, na kama ilivyo desturi ya Uchagani mtu akikosa, tukaenda na jani la isale. Tukaeleza yote.

Wazazi walinyamaza. Kisha meku mmoja, asiyejua kompyuta, akauliza: “Walimu, mifongo miwili ikitoka mito miwili, bila mtu kuchimba mahali pa kuikutanisha, maji yatakutana?” Tukajibu, la. Akasema, “Basi msiikutanishe. Mmoja unyweshe migomba, wa pili unyweshe ng'ombe.”

Tukarudi shuleni tukafanya hivyo. Nyaya za kioo na za projekta tukazihamishia kwenye kadi ya AMD, na ile ya NVIDIA tukaiachia kuchora peke yake. Mlima huchorwa kwa saa zile zile 11, lakini sasa mwalimu huandika mitihani wakati huo huo, na kioo hakigandi. Hiyo ni faida, walakini si ile tuliyoiahidi, nasi tumewaambia wazazi hivyo bila kuipamba.

Ninyi wenye nia kama yetu, angalieni kwanza kama pawasaplai yatosha, na kama programu mtakayoitumia yajua kugawa kazi. Ikiwa haijui, afadhali kuuza kadi ya zamani na kununua moja yenye nguvu zaidi. Na zaidi ya yote, jaribuni kwa kadi ya kuazima kabla ya kuomba fedha ya watu. Fahali wawili wanaweza kukaa zizi moja, kila mmoja akiwa na kamba yake na kazi yake. Lakini aliyechanga fedha ya ndizi zake ana haki ya kuambiwa kweli kabla hajafungua kitambaa.