Kumwuguza Anemoni wa Bahari

Anemoni wa bahari ni mnyama adhaniwaye ua. Hana mfupa, hana gamba, hana jicho wala ubongo. Ana mdomo mmoja uliozungukwa na minyiri, na chini ana wayo wa kujishikizia mwambani. Mwili wake ni nyama laini iliyojaa maji. Kwa hiyo, akitiwa katika tangi la kioo nyumbani mwa watu, adui wa kuogopwa zaidi si samaki mkali bali ni pampu. Anemoni asiyeridhika na mahali pake hung'oka akatambaa au akaelea, na tundu lifyonzalo maji likamvuta na kumrarua. Asubuhi mwenye tangi huona minyiri imenyofoka, ute umetanda majini, na kiumbe aliyekuwa mpana kama sahani amenywea akawa kama tonge.

Hapo huruma huweza kudhuru kuliko pampu. Mwenye huruma hutaka kutenda: humshika mgonjwa, humgeuza, humhamisha, humlisha, humtilia dawa. Baadhi ya dawa za samaki zina shaba, na shaba ambayo samaki huivumilia kwa kipimo ni sumu kwa anemoni. Chakula nacho hakimfai mnyama ambaye mdomo wake umelegea. Hukitapika, kikaoza, kikayachafua maji yale yale anayoyategemea. Wala asibanduliwe kiooni kwa nguvu, maana wayo uliochanika ni jeraha baya kuliko minyiri iliyokatika.

Litakiwalo ni dogo kwa maneno, kubwa kwa saburi. Pampu izimwe, aliyenaswa aachwe ajinasue taratibu, kisha tundu lifunikwe kwa sifongo. Maji yawe na chumvi gramu 35 hivi katika kila kilo, na kwa anemoni wa bahari za joto, kama wale wakaao na samaki wadogo wenye mistari katika miamba ya Afrika Mashariki, joto lisiyumbe mbali na digrii 25 au 26. Sehemu ya maji ibadilishwe. Mwanga usikosekane, kwa kuwa ndani ya nyama zao huishi mwani mdogo mno uwalishao kwa nguvu ya mwanga. Baada ya hayo, mikono itoke majini. Mgonjwa akijikunja na kujikunjua, hilo peke yake si dalili ya mauti. Maadamu wayo umeshika, tumaini lipo. Lakini akinuka na nyama ikimeguka, atolewe upesi, kwani kuoza kwake kutawaua majirani.

Uwezo wa kupona anao mwenyewe. Katika miaka ya 1770 padri Dicquemare wa Le Havre, Ufaransa, aliwakata anemoni minyiri. Ikaota tena, akaikata tena, ikaota tena. Habari hizo zilichapishwa London mwaka 1773. Ukatili ule haupendezi, ila umefundisha kwamba kisu si mauti kwa mnyama huyu akiwa katika maji mema. Basi aliyemtoa kiumbe wa namna hiyo mwambani, au aliyemnunua kwa aliyemtoa, amejitwika deni la maji, na deni hilo laweza kuwa refu kuliko umri wake.

Mwaka 1828 Sir John Dalyell wa Uskoti alimwokota anemoni mmoja katika pwani ya North Berwick, akamweka katika chombo cha kioo. Posho yake ilikuwa nusu ya kome kila wiki mbili, na maji ya bahari yaliyobadilishwa. Dalyell alifariki mwaka 1851. Anemoni akarithiwa na mlezi mmoja baada ya mwingine, akapewa jina la Bibi, naye akafa mwaka 1887 katika Bustani ya Mimea ya Kifalme mjini Edinburgh, miaka 36 baada ya kuzikwa aliyemwokota.