Siku 90 za Chumvi

Nyumba ya ufukweni huanza kuoza kwa ndani. Saruji huivika nondo ngozi nyembamba isiyoonekana, na maadamu ngozi hiyo ipo, chuma hakioti kutu. Lakini kloridi za chumvi ya bahari hupenya kwenye zege mwaka hadi mwaka, mpaka zikaitoboa. Kutu hutaka nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, basi zege hupasuka. Inua macho chini ya vibaraza vya Kunduchi au Kigamboni, utaiona mistari ya kahawia.

Kwa shahada yangu ya uzamili nachunguza zege lisilo na saruji: jiopolima, jina alilolitoa Mfaransa Joseph Davidovits miaka ya 1970. Naichoma kaolini ya Pugu kwa nyuzijoto 750, naigandisha kwa kostiki, ileile ya watengeneza sabuni. Badala ya kokoto naweka mawe mepesi ya volkano kutoka Rungwe, jamii ya jiwe la kusugulia visigino. Zege la kawaida lina kilo kama 2,400 kwa mita ya ujazo. Langu halifiki 1,900.

Tatizo ni kwamba wepesi huo unatokana na matundu. Yakiwa yamejifunga, hayana neno. Yakiungana, chumvi imepata njia. Ndiyo maana nalowesha vipande kwenye maji ya chumvi siku 90, navipasua, nanyunyizia nitrati ya fedha. Palipofikiwa na kloridi hugeuka peupe. Nachukua rula, napima.

Baba mdogo, fundi ujenzi wa Mbagala, ana kiwanja Kigamboni na akiba ya miaka kumi na moja. Alikishika kipande changu, akakipima uzito mkononi. "Msomi, nijengee hili?"

Siku 90 kwa nyumba atakayowaachia wajukuu! Nikamkumbusha Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani: matumbawe na chokaa, karne nyingi mbele ya bahari, na hauna nondo ya kuota kutu. Nikamwambia, tofali za ukuta, sawa. Nguzo na lenta, bado.

Hakubishana. Nguzo akamwaga za saruji. Tofali zangu kumi na mbili alizipanga kwenye uzio, upande wa baharini, bila plasta, tuzione zinavyozeeka.