Kompyuta iligoma kuwaka, mimi nikamwakia mtoto

Ilikuwa Jumanne, saa kumi na moja na nusu alfajiri, na nilikuwa na habari ya kumalizia kabla ya kikao cha wahariri. Nikabonyeza kitufe cha kuwashia kompyuta ya nyumbani, nikaenda jikoni kubandika chai. Niliporudi, kioo kilikuwa cheusi, kimejaa maandishi meupe ya Kiingereza. Mwisho wa maandishi hayo kulikuwa na neno moja, initramfs, na kialama kidogo kinachowaka na kuzima kikisubiri niandike kitu.

Nikaizima kwa kushikilia kitufe, nikaiwasha tena. Yaleyale. Mara ya tatu, yaleyale.

Hapo nikafanya kile ambacho wazazi wengi hukifanya tukiwa na haraka. Nikamwita mtoto kwa sauti ya juu.

Ana miaka 11. Ni mtoto wa marehemu dada yangu, mimi ni mama yake mdogo, na amekuwa akiishi nami tangu dada alipofariki miaka miwili iliyopita. Alitoka chumbani amevaa sare nusu.

"Jana usiku uligusa kompyuta?"

Akanyamaza.

"Nakuuliza wewe!"

"Hapana, mama mdogo."

Nilijua anadanganya. Waya wa chaji ulikuwa umechomekwa ukutani, na mimi huuchomoa kila ninapomaliza kazi. Nikamwambia maneno mengi, mengine nisingependa kuyaandika hapa. Nilisema hana uchungu na vitu kwa sababu si yeye anayevinunua. Akaondoka kwenda shule bila kunywa chai.

Sasa, kompyuta yenyewe sikuinunua mimi. Ilikuwa ya dada. Aliinunua ikiwa tayari imetumika, akiwa mwaka wa pili chuoni. Ilipoanza kuwa nzito na kushika virusi kila anapochomeka flashi iliyotoka steshenari, mwanafunzi mwenzake aliiondoa Windows akamwekea Ubuntu, ambayo ni aina mojawapo ya Linux.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kusikia habari za Linux, huenda unaitumia sasa hivi. Ni mfumo wa kuendeshea kompyuta ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Finland, na hutolewa bure. Simu za Android zimejengwa juu ya kiini chake. Ubuntu ilikuja mwaka 2004, ikaanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni la lugha za huko kusini, ndugu kabisa wa neno letu utu.

Ndani ya kompyuta hiyo kulikuwa na habari zangu, ndiyo, lakini hizo naweza kuandika upya. Kulikuwa pia na picha za mtoto tangu siku aliyotoka hospitali amefungwa kwenye kitenge, na video ambazo dada alikuwa akizirekodi kwa simu na kuzihamishia humo simu ikijaa. Simu yenyewe iliibiwa kwenye daladala. Nakala nyingine hazikuwepo popote.

Jioni nikaipeleka kwa fundi wa mtaani. Alitazama kioo kwa sekunde chache.

"Dada, hizi Linux zinasumbua. Acha tuipige Windows, kesho unakuja kuchukua."

"Na vilivyomo?"

"Vitafutika, dada. Tunaanza upya."

Nakiri kwamba nilikaribia kukubali. Nilikuwa na habari mbili za kuandika na sikutaka usumbufu. Fundi hakunidanganya wala kunificha kitu. Kilichonizuia ni picha ya kile kitenge iliyonijia kichwani. Nikasema ngoja kwanza, nikaibeba nikarudi nayo nyumbani.

Usiku nikampigia rafiki niliyesoma naye chuo, ambaye kazi yake ni kutunza seva. Kabla sijamaliza kulalamika, akaniuliza: "Imeandika nini?"

"Maandishi mengi tu."

"Yasome. Au piga picha unitumie."

Nilikuwa nimeyatazama maandishi yale siku nzima bila kuyasoma. Yalikuwa yanasema wazi kabisa kwamba diski inahitaji kukaguliwa kwa mkono, na yakataja hata amri ya kutumia, fsck, pamoja na sehemu ya diski yenye tatizo, /dev/sda2.

Rafiki akanieleza hivi. Kompyuta ya Linux inapowaka, kwanza hupakia mfumo mdogo wa muda kwenye kumbukumbu yake. Huo ndio initramfs. Kazi yake ni kuitafuta diski, kuikagua, kisha kuukabidhi usukani mfumo wenyewe. Diski nayo ina kitu kama daftari linaloonyesha kila faili limekaa wapi. Safari hii ukaguzi ulikuta daftari halilingani na vilivyomo, kwa kiasi ambacho mfumo haukuthubutu kujirekebishia wenyewe. Ukasimama, ukaomba mtu aje.

Hilo nililielewa haraka, kwa sababu ya kazi yangu ya kuandika habari za afya. Muuguzi akikuta namba kwenye mfuko wa damu hailingani na ya mgonjwa, haitundiki damu ile. Anasimama na kuita mwenzake. Ukiona amesimama, usidhani ameshindwa kazi.

"Kwa hiyo haijafa?"

"Haijafa. Lakini kwa nini daftari limevurugika? Umeme ulikatika kwenu jana usiku?"

Ulikatika. Saa nne usiku, nikiwa kitandani, feni ilisimama. Na betri ya kompyuta ile ilikufa tangu mwaka jana, inafanya kazi kwa waya tu. Betri ambayo kila mwezi nasema nitainunua mwezi ujao. Umeme ulipokatika, kompyuta ilizimika ghafla katikati ya kuandika kitu kwenye diski.

Kwa maneno mengine, aliyekuwa anaitumia hakuharibu kitu. Kama kuna mtu wa kulaumiwa, ni yule ambaye hakununua betri.

Ningependa kuwaambia kwamba usiku uleule nilikwenda kumwomba msamaha. Sikwenda. Alikuwa amelala, na kesho yake niliondoka mapema, na keshokutwa nikajiambia kwamba hata hivyo alidanganya. Wiki ikaenda hivyo. Mtoto akawa anakula, anasoma, anajibu ndiyo na hapana.

Ijumaa usiku nikamwambia kwamba kesho naipeleka kompyuta ofisini, kuna jenereta, nitajaribu kuitengeneza. Akainua macho.

"Mama mdogo, naomba twende wote."

Jumamosi asubuhi tukaketi kwenye meza yangu, rafiki akiwa kwenye simu. Ijumaa hiyo nilikuwa nimepakua Ubuntu kutoka intaneti na kuiweka kwenye flashi ya GB 16 kwa programu maalumu, maana ukinakili faili peke yake kama unavyonakili muziki, flashi haitawasha kompyuta. Nikachomeka flashi, nikabonyeza F12 mara kadhaa wakati wa kuwasha. Kwenye kompyuta nyingine huwa ni F2, F9 au Esc. Nikachagua kuijaribu Ubuntu bila kuiweka kwenye diski. Hapo ndipo wengi hukosea, kwa sababu chaguo la kuisakinisha liko hapohapo jirani, na ukilifuata bila kusoma unaweza kufuta kila kitu.

Kompyuta ikawaka. Ilikuwa inaendeshwa na flashi, diski ya dada imekaa pembeni haijaguswa. Rafiki akanielekeza kwanza kuangalia afya ya diski kwenye programu iitwayo Disks, ambayo huonyesha kama diski yenyewe imeanza kuharibika. Ilikuwa nzima. Kisha tukaifungua kwa kusoma tu, bila kuruhusu chochote kuandikwa juu yake.

Picha zilikuwepo. Nikapumua. Kulikuwa na folda moja nisiyoijua, imeandikwa MAMA kwa herufi kubwa. Nikaibofya. Haikufunguka, likaja onyo kwamba mpangilio wake unahitaji kusafishwa.

Mtoto akaanza kulia. Hakutoa sauti, mabega tu yalikuwa yanatikisika.

"Nilidhani nimemfuta," akasema.

Usiku wa Jumatatu alikuwa anakusanya video zote za mama yake kutoka kwenye mafolda mbalimbali ili aziweke mahali pamoja. Umeme ukakatika akiwa anazihamisha. Kulipokucha nikamwuliza kwa ukali kama aligusa kompyuta, akasikia ninavyosema imeharibika. Tangu Jumanne hadi Jumamosi mtoto huyu alikuwa anaamini kwamba amemfuta mama yake, na hakuwa na mtu wa kumwambia, kwa sababu mtu wa kumwambia nilikuwa mimi.

Nikamwomba msamaha palepale, mbele ya simu iliyokuwa wazi. Rafiki yangu akajifanya hasikii.

Kabla ya kujaribu ukarabati wowote, tulinakili diski nzima kama ilivyo kwenye diski ya nje niliyoazima, ili tukiharibu tuwe na pa kurudia. Diski ni ya GB 320, na kazi ilichukua zaidi ya saa tatu. Tukala chipsi mayai. Ndipo nilipokuwa na muda wa kufikiri.

Nimeshaingia wodi nyingi za watoto kwa ajili ya kazi. Mtoto aliyekunywa mafuta ya taa akifikishwa hospitali, daktari anataka kujua amekunywa nini, saa ngapi, kiasi gani, na nyumbani amepewa nini. Kumtapisha ni hatari, kwa sababu mafuta yanaweza kuingia kwenye mapafu. Mzazi aliyemtapisha mtoto akaogopa kusema, au mtoto aliyekunywa akaogopa kusema, anamnyima daktari kitu anachokihitaji kuliko vifaa vyote. Nimeandika habari za namna hiyo zaidi ya mara moja, na nimewashauri wazazi wajenge mazingira ambayo mtoto hataogopa kusema ukweli. Nyumbani kwangu nilikuwa nimeuliza swali ambalo lilikuwa na jibu moja tu salama, nalo ni hapana.

Nakala ilipokamilika tukaifunga diski, kwa sababu amri ya kukagua haipaswi kutumika kwenye diski iliyofunguliwa, na nikaandika: sudo fsck /dev/sda2. Ikaanza kuuliza maswali, hili nilirekebishe? Na hili? Mtoto ndiye aliyekuwa anabonyeza y. Baada ya dakika kadhaa ikasema mfumo wa faili umebadilishwa, ikanyamaza.

Tukachomoa flashi, tukawasha. Kioo kikawa cheusi kwa muda ambao niliuona mrefu, kisha ikaja picha ya ziwa aliyoiweka dada.

Folda ya MAMA ilikuwa na video tisa. Nyingine nne hazikuwemo. Rafiki akatuelekeza kwenye folda iitwayo lost+found, yaani vilivyopotea na kuokotwa, ambako fsck huweka faili ambazo imezikuta hazina kwao. Zilikuwemo nne, majina yamepotea, zimebaki na namba. Moja baada ya nyingine tukazifungua. Tatu zikacheza. Katika mojawapo dada anakanda unga wa maandazi na kumwambia mwanawe aache kumrekodi maana nywele hazijasukwa. Ya nne haikufunguka, na hatujui ilikuwa ipi.

Niseme nilichobadilisha nyumbani, huenda kikamfaa mtu.

Nimenunua betri. Picha na video sasa ziko sehemu tatu: kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje, na nakala ya tatu kwa bibi yake mkoani, kwa sababu mwizi au moto ukija hauchagui. Mzazi mwenye picha za wanawe kwenye simu tu, afanye hivyo wiki hii. Kompyuta ikigoma, nasoma kwanza ilichoandika na kukipiga picha, kabla ya kuizima na kuiwasha mara kumi. Na fundi akisema anaanza upya, namwambia atoe kwanza vilivyomo, kisha tuzungumze. Wengi wanaweza, ila ukikaa kimya atadhani huna unachokihitaji.

Na swali langu nimelibadilisha. Siulizi tena nani amefanya. Nauliza nini kimetokea. Mwanzoni nilikuwa najisahau, na bado kuna siku najisahau.

Juzi nilirudi kazini nikamkuta amenisubiri mlangoni. Alikuwa amevunja kikombe cha chai, kile ninachokipenda. Vipande alikuwa ameshavizoa na kuviweka kwenye gazeti, ili nivione.